Wapiga picha wa New York na somo la kukosoana

Leo tuache kidogo stori za mkopo na mitihani. Nataka niwapeleke New York, mwaka 1893. Ni historia ya wapiga picha wa ridhaa, lakini vumilieni mpaka mwisho, maana inatuhusu sana sisi tunaojiandaa kushika chaki.

Kwanza tuelewane wakati wenyewe ulikuwaje. Mwaka 1888 George Eastman alitoa kamera ya Kodak. Bei yake ilikuwa dola 25, na ndani yake kulikuwa na filamu ya picha 100. Ukizimaliza unairudisha kamera nzima kiwandani Rochester, wanakusafishia picha na kukuwekea filamu mpya. Kabla ya hapo, mtu alipaswa kujua mambo ya dawa na chumba cha giza. Sasa kila mwenye vijisenti akawa mpiga picha. Swali likabadilika: siyo tena nani anaweza kupiga picha, bali nani atakuambia kama uliyopiga ni nzuri?

Jibu lilikuwa vilabu. Mchana watu wako kwenye shughuli zao, jioni wanakutana. Picha zilitengenezwa kwenye vipande vya kioo, zikamulikwa ukutani kwa taa, halafu wenzako wanasema wanachokiona. Vipande hivyo vilizungushwa hata kati ya klabu ya mji mmoja na ya mji mwingine, vikakosolewe na watu wasiokujua kabisa.

Sasa huko New York kulikuwa na kijana mmoja anaitwa Alfred Stieglitz, aliyesomea Ujerumani. Mwaka 1887 alikuwa ameshinda shindano la jarida la Uingereza la wapiga picha wa ridhaa, na mwamuzi alikuwa Peter Henry Emerson, mtu mwenye jina kubwa wakati huo. Tarehe 22 Februari 1893 akaazima kamera ndogo ya mkononi, akasimama mtaa wa Fifth Avenue kwenye dhoruba ya theluji. Kwa maelezo yake mwenyewe alikaa pale kama saa tatu, akisubiri. Mwisho likatokea gari la farasi likipambana na theluji, akalipiga.

Akapeleka negativu kwa wenzake wa klabu. Kicheko! Stieglitz alisimulia baadaye kwamba walimwambia aitupe, picha yenyewe ina ukungu, haina makali. Na kwa sheria za klabu walikuwa sahihi, kwa sababu picha nzuri kwao ilikuwa ile inayoonekana wazi kila kona. Jamaa hakuitupa. Alikata sehemu kubwa ya pembeni, akabakiza gari, farasi na theluji. Leo ni moja ya picha zake zinazojulikana zaidi.

Hadithi hii husimuliwa sana kama ya shujaa aliyechekwa halafu akawashinda. Mimi naona kipande cha maana ni kile kinachofuata.

Mwaka 1896 vilabu viwili viliungana vikawa Camera Club of New York, na mwaka 1897 Stieglitz akaanza kuhariri jarida lao, Camera Notes. Yule aliyechekwa sasa ndiye anayechagua. Na alichagua kwa ukali kweli kweli! Wanachama waliolipa ada zao walifungua jarida wakakuta picha za watu wa nje, za kwao hakuna. Wakanung'unika. Mwaka 1902 akaanzisha kundi lake, Photo-Secession, ambalo hukujiunga kwa kulipa ada tu, ilibidi wakuone unafaa. Mwaka 1903 likafuata jarida lake, Camera Work. Klabu ya zamani nayo ilimfukuza mwaka 1908, ikamrudisha, mwishowe akajiondoa mwenyewe.

Tusimwonee lakini. Bila ukali ule, huenda picha zingechelewa sana kuitwa sanaa. Mwaka 1910 kundi lake lilijaza picha kwenye Albright Art Gallery kule Buffalo, na nyumba hiyo ya sanaa ikanunua baadhi. Hayo si mambo madogo. Ila marafiki walizidi kupungua. Gertrude Käsebier, mwanamke ambaye picha zake ndizo zilizofungua toleo la kwanza la Camera Work, alijitoa mwaka 1912. Jarida lilipokufa mwaka 1917, waliokuwa wakilinunua hawakufika 40.

Ndani ya kundi hilo hilo kulikuwa na mtu wa aina nyingine, Clarence White. Huyu alikuwa karani wa hesabu kwenye duka la jumla la vyakula, mji mdogo wa Newark, Ohio. Hela zake zilitosha vioo viwili tu vya kupigia picha kwa wiki. Fikiria, wiki nzima una nafasi mbili! Mwaka 1907 akaanza kufundisha Teachers College, Chuo Kikuu cha Columbia (ndiyo, chuo cha walimu), na mwaka 1914 akafungua shule yake mwenyewe.

Kati ya waliopita kwenye darasa lake Columbia ni Dorothea Lange, ambaye mwaka 1936 alipiga ile picha maarufu ya mama mhamiaji kule California. Lange alikumbuka kwamba White aliwahi kuwatuma wakapige lango la chuma lisilo na mvuto wowote. Na picha zilipoletwa hakumvunja mtu. Aliitazama picha pamoja na mwenye picha, akatafuta kile ambacho huyo mtu alikuwa anajaribu kukiona. Lange mwenyewe hakuwa mwanafunzi wa kukabidhi kazi, lakini alisema White alikuwa mwalimu wa ajabu.

Hapo ndipo ninapopapenda. Klabu ya 1893 iliuliza: picha hii inafuata sheria? Stieglitz akauliza: picha hii inafikia kiwango? White akauliza: huyu anatafuta nini, na bado hajakipata wapi? Maswali yote matatu ni ukosoaji, lakini ni la tatu peke yake linalomwacha mtu na kazi ya kufanya kesho asubuhi.

Sisi watu wa elimu tunafanya jambo hili hili kabla ya kwenda TP. Mmoja anafundisha, wenzake tumekaa nyuma na karatasi za alama. Angalieni tunachoandika: "sauti ndogo", "ubao haukupangwa", "muda umezidi". Sawa, ni kweli. Lakini ni lini mara ya mwisho mtu aliandika nini mwenzake alikuwa anajaribu kukifanya? Kucheka gari la farasi kwenye ukungu ni rahisi. Kuliona linakoelekea ndiyo ualimu.

Wadau mnasemaje? Wale wa Stieglitz mje na hoja, siyo matusi. Nawakilisha.