Umwagiliaji wa Matone kwa Miche Iliyo Mbali na Maji
Mche unaopandwa Aprili, mwezi wa Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, hulelewa na masika. Mtihani wake ni kiangazi cha Juni hadi Septemba. Katika udongo wa kichanga wa Mbagala na Chamazi, maji ya ndoo hupotelea chini upesi.

Mwananchi akate kitako cha chupa tupu ya lita 1.5, atoboe kifuniko kwa sindano, kisha aifukie nusu, mdomo chini, kando ya mche. Dumu la lita 20 hutosha miche ipatayo 13. Uwazi wa juu ufunikwe kwa kitambaa, kwani maji yaliyotuama huzalisha mbu waenezao homa ya dengi, iliyolikumba Jiji mwaka 2014 na 2019. Chungu cha udongo kilichofukiwa hadi shingoni huvujisha maji chenyewe, bila kutobolewa.