Sanduku la Bibi

Kwetu Kisauni tumekua tukiambiwa sanduku la Bibi lilitoka kwa Sultani. Juzi Mjomba akaleta mnunuzi, akamtajia bei ya kitu cha miaka 150.

Enyewe, dalili zilikuwepo: mbao za msaji, misumari ya shaba iliyopangwa kama maua, droo tatu chini. Lakini mapambo huigwa. Tena mengi ya masanduku tunayoyaita ya Zanzibar yalitengenezwa India, yakaletwa na majahazi. Ukitaka kujua umri, achana na uso, angalia mgongo.

Nikachomoa droo. Msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka isiyolingana. Wa mashine ya duara huacha alama za upinde. Hapa zilikuwa pinde tupu, na chini ya droo ni plaiwudi. Nikaenda kwenye bawaba: skrubu zote ni za nyota, zile zilizoanza kuenea baada ya hataza za Henry Phillips wa Marekani, 1936. Sawa, skrubu hubadilishwa. Ila hapakuwa na tundu la zamani hata moja.

Nikasema palepale, mnunuzi akisikia. Bei ikaanguka. Mjomba hajaniongelesha tangu siku hiyo.

Mama alicheka. "Sultani gani, mwanangu? Bibi yako alilinunua mwenyewe, kwa pesa za mahamri. Wanaume wa nyumba hii ndio walioona haya kulisema."

Sasa haliuzwi. Mahamri yale hayajawahi kuandikwa popote, ila hapo.