Maji Uliyoyamwaga Yanaporudi: Historia ya Bomba Lililopinda Chini ya Sinki

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Mwaka jana, mwezi wa sita, nilikuwa Sumbawanga na nikayaona yamerudi yenyewe.

Mama mdogo ana mgahawa pale mjini. Asubuhi ni chai na chapati, mchana ugali na samaki. Sasa, anayeijua Ufipa anajua Juni ilivyo. Mji uko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na maji ya bomba asubuhi yanakata vidole. Wasichana wanaoosha vyombo walikuwa wanalalamika kila siku. Mama mdogo alipopata mashine ya kuoshea vyombo ya mtumba, akaona Mungu kamkumbuka.

Fundi akaja, akaifunga. Kuingiza maji safi hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kwenye mpira wa kutolea maji machafu. Fundi alitoboa bomba linaloshuka kutoka kwenye sinki, chini kabisa karibu na sakafu, akauchomeka mpira, akazungushia tepu, akachukua hela yake, akaaga. Siku tatu mambo yakawa mazuri. Siku ya nne mama mdogo akafungua mlango wa mashine akakuta sahani zimelowa kwenye maji ya kijivu, punje za maharage zinaelea juu. Na harufu, usiulize.

"Mwanangu, si ndiyo wewe unayesoma mambo ya maji? Njoo uone mashine yako."

Tayari ilikuwa mashine yangu! Nikaenda, nikainama chini ya sinki na tochi ya simu. Nilichokiona kimenifanya niandike makala hii, kwa sababu kosa la fundi yule si jipya. Binadamu wamelifanya kwa zaidi ya miaka 200, na mara nyingine limeua watu.

Beseni halina tatizo hili

Kabla ya kwenda mbali, tuanzie nyumbani. Nyumba nyingi Ufipa, vyombo huoshwa nje kwenye beseni, kisha hupangwa kwenye kichanja vikauke kwa jua. Maji machafu yanamwagwa bustanini au shimoni. Kazi imeisha.

Angalia jambo moja hapo. Kati ya beseni na shimo kuna hewa tupu. Hakuna namna yoyote maji ya shimoni yatapanda hewani yarudi kwenye sahani zako. Ukishamwaga, umemwaga kweli.

Sinki linaondoa pengo hilo. Sasa sahani na shimo vimeunganishwa kwa bomba moja lililofungwa. Tumepata raha, lakini pia tumejenga barabara, na barabara haina upande mmoja. Bomba halijui lipi ni "kwenda" na lipi ni "kurudi". Maji hufuata mteremko na msukumo, gesi hufuata uwazi wowote itakaoupata. Historia yote ya mabomba ya maji machafu ni historia ya watu wakitafuta namna ya kurudisha lile pengo la beseni ndani ya bomba.

Mtengeneza saa na kikombe cha maji

Hatua ya kwanza kubwa aliipiga mtu ambaye hata hakuwa fundi bomba. Alexander Cumming alikuwa Mskoti aliyetengeneza saa jijini London. Mwaka 1775 alipewa hataza ya choo cha maji, na chini ya choo hicho aliweka bomba lililopinda kama herufi S. Vyoo vya kuvuta maji vilikuwepo kabla yake, ila harufu ya shimo ilipanda moja kwa moja hadi ndani ya nyumba.

Ujanja wa Cumming ni rahisi mno. Bomba likipinda, maji ya mwisho hayatoki yote, kiasi kidogo hubaki kwenye kona. Maji hayo ndiyo mlango. Maji mapya yakija yanayasukuma yaliyopo na kupita, lakini gesi ya shimoni haiwezi kupenya. Hakuna bawaba wala springi ya kuchakaa. Ni kama kikombe kimoja cha maji kimesimama zamu usiku na mchana.

Mafundi wetu huiita trapu. Siku hizi nyingi zina umbo la P au la chupa, lakini wazo ni lile lile la 1775.

Cha kushangaza, karne iliyofuata watu waliithamini trapu kwa sababu ambayo nusu yake ilikuwa makosa. Waliamini harufu mbaya yenyewe ndiyo inayoleta magonjwa. Hata neno "malaria" ni la Kiitaliano, maana yake hewa mbaya. John Snow alionyesha mwaka 1854 kwamba kipindupindu cha mtaa wa Broad, London, kilitoka kwenye pampu ya maji ya kunywa, lakini wengi hawakumwamini. Ilipofika kiangazi cha 1858, mto Thames ukanuka kiasi kwamba mapazia ya Bunge yalilowekwa dawa ya klorini. Ndipo wabunge wakatoa fedha, na mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mitaro mikubwa ya maji taka. Waliukimbia uvundo, na bila kujua wakawa wanaukimbia uchafu uliokuwa kwenye maji.

Hewa lazima iingie

Lakini trapu ina udhaifu. Maji mengi yakishuka kwa kasi bombani huvuta hewa nyuma yake. Hewa isipopata njia nyingine, mvuto huo huyanyonya maji ya trapu yenyewe. Umewahi kusikia sinki likilia "gluu-gluu" mwishoni? Ndiyo hiyo. Mlinzi anaburutwa kutoka zamu yake.

Dawa yake ni bomba la hewa linalopanda hadi juu ya paa, ili hewa iingie kwa amani. Na hapa Wafipa wana la kusema. Kwenye uwanda wa Ufipa bado kuna mabaki ya malungu, matanuru marefu ya udongo, kama mita 3 kwenda juu, ambamo wahenga waliyeyusha chuma mpaka karne ya 20. Tanuru lile refu halikuhitaji mivukuto. Hewa ya moto ilipanda juu, na hewa baridi ikaingia yenyewe kupitia mirija ya udongo iliyopangwa chini. Kule anayevuta hewa ni moto, kwenye bomba la sinki anayevuta ni maji yanayoanguka. Ila kanuni ambayo mfua chuma wa Kifipa angekuambia ni moja: hewa lazima iingie mahali. Ukiipangia njia, inakufanyia kazi. Ukiinyima, itajitafutia njia yake.

Chicago mara mbili

Sasa tuje kwenye mashine. Josephine Cochrane, mjane wa Shelbyville, Illinois, nchini Marekani, alipewa hataza ya mashine yake ya kuoshea vyombo tarehe 28 Desemba 1886. Wengine walijaribu kabla yake kwa brashi, yeye akatumia msukumo wa maji ya moto juu ya sahani zilizopangwa kwenye vishikizo vya waya. Mwaka 1893 aliionyesha kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya Chicago, na wateja wake wa mwanzo walikuwa hoteli na migahawa. Kwa hiyo mama mdogo yuko kwenye mstari ule ule.

Miaka 40 baadaye, mwaka 1933, Chicago ikafanya maonyesho mengine ya dunia. Safari hii wageni wakaanza kuugua kuhara damu kwa amiba. Watu wapatao 1,400 waliugua na 98 wakafa. Uchunguzi ukaelekea kwenye hoteli mbili zenye mabomba ya zamani, ambako mabomba ya maji safi na ya maji machafu yalikuwa yamegusana. Msukumo wa maji safi ukishuka, bomba lililozama kwenye maji machafu huyanyonya kama mtu anavyonyonya soda kwa mrija.

Baada ya hapo kanuni moja ikasisitizwa sana kwenye sheria za mabomba: kati ya kitu safi na kitu kichafu pawe na pengo la hewa. Yaani beseni na shimo! Nchi zilizotangulia kwa mabomba zilizunguka zaidi ya karne moja, zikazika watu, zikarudi kwenye kitu ambacho bibi anakifanya kila siku uani.

Na kama unadhani hayo ni ya zamani, kumbuka 2003. Kwenye maghorofa ya Amoy Gardens, Hong Kong, zaidi ya wakazi 300 walipata SARS. Wachunguzi walieleza kwamba trapu nyingi za sakafuni bafuni zilikuwa zimekauka, kwa kuwa watu walipiga deki kwa kitambaa badala ya kumwaga maji sakafuni. Feni za bafuni zikavuta hewa ya mabomba ya choo ikaingia ndani ya nyumba, pamoja na virusi. Kikombe cha maji tu kilikosekana.

Tulivyofanya kwa mama mdogo

Turudi chini ya sinki. Bomba la mama mdogo halikuwa na trapu kabisa, lilienda moja kwa moja shimoni. Harufu ikajieleza. Mpira nao ulikuwa umechomekwa chini kuliko sinki na chini kuliko mashine. Bomba lilipoziba kidogo kwa mafuta, maji ya sinki yalitafuta pa kwenda, yakakuta mlango wazi wa mashine.

Tulimwita fundi yule yule, kwa sababu simlaumu. Nani alimfundisha? Mashine zenyewe hazifiki Sumbawanga kila siku. Tukaziba tundu lake. Tukanunua trapu yenye mdomo wa pembeni uliotengenezwa kwa ajili ya mpira wa mashine. Mdomo huo unakaa juu ya maji ya trapu, upande wa sinki. Kisha mpira tukaupandisha hadi chini kabisa ya meza ya sinki, tukaufunga pale kwa waya, ndipo ukashuka kwenye mdomo na kukazwa kwa klipu. Ule mpando ndio ulinzi. Pampu ya mashine inayasukuma maji kupita kilima bila taabu, lakini maji ya sinki yanayotaka kurudi hayana pampu. Si pengo la hewa kamili, ila ni bora mara nyingi kuliko tundu la sakafuni.

Tukawasha. Mashine ikagoma kumwaga maji. Fundi akaniangalia, mimi nikaangalia ukuta. Kumbe mdomo wa trapu mpya huja umezibwa kwa kipande cha plastiki ndani, na msomi wa mambo ya maji hakukitoboa. Fundi akakitoboa yeye, akicheka. Wakati huu yakaenda.

Mama mdogo huufunga mgahawa wiki kadhaa anaposafiri. Nilimwambia akirudi, kabla ya kuwasha jiko, amwage kikombe cha maji kwenye kila tundu la sinki na la sakafu. Sumbawanga wenyewe hulieleza jina la mji wao kuwa ni "tupa uchawi". Nikamwambia uchafu nao tuutupe, ila tuhakikishe hauijui njia ya kurudi.

Na wewe leo ukifika nyumbani, inama uangalie. Kama bomba lako limenyooka kama rula, unajua la kufanya.