Umeme wa Njia Moja

Wengi wanaoandika historia ya umeme wa nchi yetu huanzia Dar es Salaam, na wana haki yao, kwani huko ndiko Wajerumani walikowasha umeme wa kwanza wa umma mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji waliyokaa wao. Lakini mimi ni mtu wa Utete, na ukiitazama historia hiyo kutoka Utete utaiona ina sura nyingine. Sisi tunaishi ukingoni mwa Rufiji, mto ambao bonde lake limechukua karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Sehemu kubwa ya umeme wa maji wa nchi hii imezaliwa ndani ya bonde hilo. Hata hivyo, kwa miaka mingi ya maisha yangu, maji hayo yalitufikia yakiwa yamekwisha kutoa nuru yao kwingine.

Tuzitazame tarehe. Mwaka 1975 mtambo wa Kidatu ulianza kazi kwenye mto Ruaha Mkuu, ambao humwaga maji yake Rufiji. Ulipokamilika ulikuwa na uwezo wa megawati 204, na nyaya zake za kilovoti 220 zilielekea Morogoro na Dar es Salaam. Mtera ikafuata mwaka 1988 kwa megawati 80, na Kihansi mwaka 2000 kwa megawati 180. Mitambo hiyo mitatu peke yake ilikuwa zaidi ya robo tatu ya umeme wote wa maji nchini. Yote inatumia maji ya bonde letu. Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo nayo ikaanza kupita katika bomba, kutoka Kilwa hadi Ubungo, ikikatiza ardhi ya Rufiji kwenda kuzungusha mitambo ya mjini.

Sisemi haya kwa kinyongo. Nchi changa ilihitaji viwanda, na viwanda vilikuwa mjini. Nataka tu msomaji aone kwamba tangu mwanzo umeme kwetu ulikuwa kitu cha njia moja: chimbuko lake huku, mwisho wake kule.

Wakati huo sisi tuliishi kwa mafuta ya taa. Mwenye nacho alikuwa na fanusi, asiye nacho koroboi. Karabai ilitoka siku ya harusi au maulidi, na watoto tulikaa karibu nayo tukiwaangalia wadudu wanaoizunguka. Redio ilisikilizwa kwa betri kavu, na betri zikichoka zilianikwa juani zipate uhai wa siku mbili tatu zaidi. Jenereta lilikuwa jambo la ofisi na la wenye maduka, nalo lilinyamaza kila dizeli ilipokosekana. Tusisahau kwamba Utete iko kusini ya mto. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, kila pipa la dizeli kutoka Dar es Salaam lilingoja kivuko cha Ndundu, na mto ukifurika kivuko nacho kilimngoja Mungu.

Wazee wetu walikwisha kusikia ahadi nyingi. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 Serikali iliendesha Operesheni Rufiji, mwaka 1969, ikawahamisha watu kutoka bondeni kwenda kwenye miinuko, wakakae pamoja ili wafikiwe na shule, zahanati na maji. Wengi walihama, wakaacha mashamba ya mlao yaliyorutubishwa na tope la mafuriko. Juu ya hayo kulikuwa na ahadi ya bwawa. Mahali penyewe paliitwa kwa jina la Stiegler, Mzungu aliyeuawa na tembo pale mwaka 1907. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilichapisha uchunguzi wake wa bonde zima mwaka 1961. Mwaka 1975 ikaundwa mamlaka ya kuliendeleza bonde, RUBADA, na wataalamu wa Norwei wakaja kupima. Kisha miaka ikapita. Utete kulikuwa na msemo wa mzaha: mtu akikuahidi deni lake atalilipa karibuni, unamwuliza kama ni kabla ya bwawa au baada yake.

Mzaha huo sasa umekwisha. Mkataba ulitiwa saini Desemba 2018, maji yakaanza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ukaanza kutoa umeme mapema mwaka 2024. Mitambo ni tisa, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115, kupita uwezo wa mitambo yote iliyokuwa nchini kabla yake. Ni kazi ya kujivunia. Lakini njia kuu ya kuutoa umeme huo pale bwawani ilijengwa kwenda Chalinze, kilomita 160, kwani gridi ya taifa huanzia palipo na vituo vikubwa, wala haianzii kwa jirani wa bwawa.

Katikati ya ahadi na utimizo wake, kitu kingine kiliingia nyumbani kwetu bila sherehe wala jiwe la msingi. Kwanza tulikiona kwenye zahanati, kikiendesha friji za chanjo. Baadaye tukakiona juu ya mapaa ya wenye maduka. Wati moja ya paneli ya jua, ambayo mwaka 1977 iliuzwa zaidi ya dola 70 za Marekani, leo hupatikana kwa chini ya dola moja, na ni kushuka huko kwa bei kulikoileta sola hadi kwa mkulima wa mpunga. Kuanzia mwaka 2012 yakazuka makampuni ya kukopesha sola na kulipwa kidogo kidogo kwa simu. Yalisaidia wengi, ingawa namjua jirani aliyechelewa malipo msimu wa njaa, na kampuni ambayo jina lake nalihifadhi ikazima taa zake kutoka mbali wakati mtoto anaumwa.

Sola ilipofika, watu hawakungoja mtaalamu awafundishe kugawana. Mwenye paneli alichaji simu za mtaa mzima. Mwenye runinga alikaribisha wapenzi wa mpira barazani kwake. Niliona waya mwembamba ukipita juu ya ua wa makuti, ukitoka nyumba ya kaka kwenda chumba cha mama mzee ili apate taa moja ya kuswalia alfajiri. Bondeni, wanaolinda mpunga usiku walichukua taa za jua hadi madunguni, kwa ajili ya nguruwe na viboko. Hakuna aliyeuita mtandao wa kugawana nishati. Uliitwa ujirani.

Ndipo nguzo zikafika. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005, Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ukaanza kazi mwaka 2007, na kufikia 2024 Serikali ilisema karibu vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa. Kwa shilingi 27,000 mtu wa kijijini akaunganishwa. Mapaa yakaanza kuvuliwa paneli. Mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, umeme si umeshafika? Hii sola tumwuzie nani?" Nikamjibu, "Mjukuu wangu, bado tunaihitaji. Subiri kwanza." Jibu hilo halikumtosheleza, na makala haya ni njia yangu ya kumjibu sawasawa.

Kwanza namkumbusha Zanzibar. Kisiwa cha Unguja kilitegemea waya mmoja wa chini ya bahari uliowekwa mwaka 1980. Mei 2008 kukatokea hitilafu, kisiwa kizima kikakaa gizani karibu mwezi mmoja. Desemba 2009 giza likarudi, safari hii kwa miezi mitatu hivi. Pampu za visima zilisimama, watu wakatafuta maji kwa ndoo. Waya unaotoka mbali ni neema, lakini ukiwa ndio pekee, ukikatika huna pa kukimbilia. Nasi tumeona migao ya 2006 na 2011, mabwawa yalipokauka. Bwawa kubwa bado hunywa mvua ile ile.

Pili namweleza ya Bangladesh, nchi ya delta kama yetu ya Salale na Mbwera, ila kubwa zaidi. Kati ya 2003 na 2018 nyumba zaidi ya milioni nne za huko zilifungiwa sola. Kisha gridi ikaenea kwa kasi, na sehemu kubwa ya mitambo hiyo ikaachwa. Mali iliyonunuliwa kwa jasho la miaka ikawa takataka. Lakini katika wilaya ya Shariatpur, mwaka 2015, kampuni iitwayo SOLshare iliunganisha nyumba zenye sola na zisizo nayo kwa visanduku vinavyohesabu nani ametoa na nani amepokea. Mwenye ziada akamwuzia jirani. Ni ule waya wetu wa juu ya ua wa makuti, ila umepewa mizani.

Tatu ni swali lenyewe: je, nyumba yenye sola inaweza kuirudishia gridi umeme? Kwa ufundi, inawezekana. Jimbo la Minnesota, Marekani, liliitungia sheria mwaka 1983, na Ujerumani ikayalazimisha mashirika ya umeme kununua umeme wa namna hiyo kuanzia 1991. Hapa kwetu kuna Sheria ya Umeme ya 2008, na chini yake Kanuni za mwaka 2018 za mita zinazohesabu pande mbili: uniti unazotoa hukatwa katika uniti unazotumia. Na wazalishaji wadogo wamekwisha kuonyesha njia. Masista Wabenediktini wa Chipole, mkoani Ruvuma, walijenga mtambo wa maji wa Tulila wa megawati 5, na tangu 2015 wameiuzia TANESCO umeme. Kama masista wanaweza kuiuzia, njia ya pande mbili si ndoto.

Hata hivyo mjukuu hapaswi kudanganywa. Paneli ya wati 50 ikipata jua saa nne kamili hutoa uniti moja ya tano kwa siku. Mtumiaji mdogo hulipa shilingi 100 kwa uniti, kwa hiyo umeme wote huo ni wa shilingi 20. Haununui hata kiberiti. Anayedhani atatajirika kwa kuiuzia TANESCO umeme wa paa lake moja amepotea. Lakini uniti hiyo ya tano huwasha taa nne usiku mzima na kuchaji simu, na usiku nguzo zikianguka thamani yake haipimwi kwa shilingi 20. Faida ya mita ya pande mbili ni ya wenye mapaa makubwa: shule, hospitali, msikiti, mashine ya kukoboa mpunga. Shule hufungwa likizo na jua haliendi likizo.

Jambo jingine ni la usalama, na vishoka wetu hulipuuza. Inveta iliyounganishwa na gridi ni lazima izime yenyewe umeme wa gridi ukikatika, la sivyo fundi aliye juu ya nguzo, akiamini waya umekufa, atauawa na umeme unaotoka kwenye paa lako. Maana yake ni kwamba nyumba iliyotupa betri na kutegemea gridi peke yake itakuwa gizani pamoja na wengine, hata kama paneli ziko juani. Kwa hiyo mwenye mtambo mdogo aache nyaya zake za taa zijitegemee, mbali na za TANESCO. Hilo linamfaa zaidi kuliko mita ya pande mbili.

Kuna onyo pia kutoka Ziwa Viktoria. Kisiwani Ukara kampuni ya JUMEME ilianza mwaka 2016 kuuza umeme wa jua kwa mtandao wake wenyewe. Wananchi walifurahia taa, wakalalamikia bei, ambayo ilikuwa mara nyingi zaidi ya ile ya TANESCO. Mwaka 2020 Serikali iliagiza bei za mitambo midogo kama hiyo zishushwe zilingane na za TANESCO vijijini. Mwananchi alipata nafuu, mwekezaji akabaki na gharama zilizozidi mapato. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, nami sijasikia hoja iliyo bora kuliko hii: anayeishi mbali asiadhibiwe kwa umbali wake, na anayemfikishia nuru asifilisike kwa kumfikishia. Pengo lililo katikati ni la taifa zima kulijaza, kama lilivyojaza la nguzo.

Katika kikao cha kijiji nimependekeza mambo mawili. La kwanza, orodha ya paneli zote zilizovuliwa, ili zilizo nzima zihamishiwe zahanati na visima kabla hazijauzwa chuma chakavu. La pili, shule yetu ya sekondari iandike barua TANESCO kuomba mita ya pande mbili kwa mujibu wa Kanuni za 2018. Mwenyekiti aliuliza kama kuna aliyewahi kuomba wilayani. Hakuna aliyenyosha mkono. Basi barua imeandikwa kwa mwandiko wa mjukuu wangu, na nakala yake iko ofisi ya kata.