Nyumba Yako, Bomba la Jimbo

Wateja wangu wengi hapa Lowell, Massachusetts, ni Wakenya wenzangu, na swali lao halibadiliki: "Fundi, nyumba ni yangu, mkopo nalipa mimi, mbona nisijifungie hita ya maji mwenyewe?" Jibu fupi ni Sura ya 142 ya sheria za jimbo. Hapa kazi ya bomba ni ya mwenye leseni, na kibali huchukua yeye, si mwenye nyumba. Ukivuka mpaka kuingia New Hampshire, mtu anayeishi katika nyumba yake ya familia moja anaruhusiwa kujifanyia. Texas nayo humwondolea mwenye nyumba sharti la leseni, ingawa mji wake unaweza kumdai kibali. Kila jimbo na lake.

Jibu refu linaanzia kwenye uvundo. Karne ya 19, madaktari wengi waliamini kwamba hewa inayopanda kutoka kwenye maji taka ndiyo inayoleta homa ya matumbo na dondakoo. Waliokuwa na uwezo wa kuweka vyoo ndani wakaanza kuziogopa nyumba zao. Mwaka 1881 ikatungwa sheria kwa miji ya New York na Brooklyn: kila fundi bomba ajiandikishe, na kazi yake iwe chini ya usimamizi wa afya. Sayansi ilikosea, bomba likapatia. Kwa kuikimbia hewa ile walisisitiza kona iliyopinda chini ya sinki, inayobaki na maji ili harufu isirudi, na bomba la hewa linalotokeza juu ya paa, ili maji yanayoshuka kwa kasi yasiyafyonze yale ya kwenye kona. Vyote viwili ninavifunga mpaka leo. Leseni nayo ililinda mkate wa mafundi, na kwa kuwa naula mkate huo, msomaji anipime anisikiapo nikiisifu.

Kwa muda mrefu vipimo vilifuata mazoea ya kila mji. Herbert Hoover, alipokuwa Waziri wa Biashara miaka ya 1920, aliunda kamati ya kutafuta masharti ya chini ya kutosha, na Roy Hunter wa maabara ya serikali ya vipimo akakaa akipima maji yanavyopita ndani ya mabomba. Hesabu alizochapisha mwaka 1940 zimetumika kwa miongo mingi kuamua bomba liwe na upana gani.

Ila kilichonishawishi mimi ni Chicago, 1933. Wageni walifurika kwa ajili ya maonyesho ya dunia, na wengi wakalala katika hoteli mbili zinazotazamana. Mabomba yalikuwa yamechakaa, na mengine yaliungwa vibaya hata maji taka yakaweza kuingia kwenye maji ya kunywa. Watu zaidi ya 1,000 waliugua kuhara damu kwa ameba, na 98 wakafa. Wengi walikwisha kurudi makwao, na madaktari wa huko hawakutambua wanachotibu. Kosa la fundi mmoja halikai ndani ya ukuta mmoja: maji yakirudi nyuma, jirani anayanywa. Hilo ndilo ninalomweleza mteja wa hita.

Nisiipambe sheria kupita kiasi. Mji huohuo wa Chicago uliwalazimisha wenye nyumba kutumia bomba la risasi kuunganisha nyumba na bomba la barabarani, hadi Bunge la Marekani lilipolipiga marufuku mwaka 1986. Raia walitii kanuni, wakanywa sumu. Mabomba hayo bado yamo ardhini kwa mamia ya maelfu.

Kwa hiyo, ndugu unayetafuta nyumba huku: kabla ya kutia sahihi, nenda ofisi ya mji ukaombe rekodi za vibali vya nyumba ile. Ukiona bafu jipya lisilo na kibali, mwite fundi mwenye leseni alikague kwanza, kisha ndipo mzungumze bei.