Uorodheshaji wa mkusanyiko wa michezo ya video

Uorodheshaji wa mkusanyiko wa michezo ya video ni kazi ya kuandika taarifa za kila gemu anayomiliki mtu: jina, mashine inayoichezesha, mwaka, nchi ilikouzwa, hali yake, na kama boksi na kijitabu bado vipo. Jina pekee halitoshi. Final Fantasy VI ya Japani iliuzwa Marekani mwaka 1994 kwa jina la Final Fantasy III, hivyo anayepanga rafu kwa alfabeti tu hujichanganya mapema. Cha kuaminika zaidi ni namba ya bidhaa. Kwenye diski za PlayStation, herufi SLUS na SCUS huonyesha toleo la Marekani, SLES na SCES la Ulaya. Final Fantasy VII ya Marekani ina diski 3, SCUS-94163 hadi SCUS-94165. Ikikosekana moja, mchezo haumaliziki. Kaseti zenye betri ya kuhifadhi mchezo ulipofikia, kama The Legend of Zelda ya mashine ya NES, ziandikiwe tarehe ya kubadilishwa betri, kwani ikifa kumbukumbu zote hupotea. Mkusanyiko mdogo hutoshelezwa na daftari. Unaokua huhitaji jedwali la kompyuta, nalo lijazwe siku ileile gemu inapoingia nyumbani.