Uso wa Bibi na Lundo la Pamba

Nina picha moja tu ya bibi mzaa baba, ambaye sikumkuta. Ilipigwa Kasoli, Bariadi, mwaka 1983, jua la saa saba, kasimama mbele ya lundo la pamba. Pamba inang'aa. Kanga aliyojitanda kichwani inasomeka mpaka maneno yake. Uso? Giza tupu. Nyumbani tulikuwa tunatania kwamba bibi alikuwa mweusi mno kwa kamera. Hata mimi nilitania, na leo naona aibu.

Nilipoanza kushika kamera ndipo nikaelewa. Wapiga picha wa enzi zile walifuata kanuni ya jua kali: filamu ya 100, kasi ya 1/125 ya sekunde, tundu la lenzi f/16. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa, lakini ni ya kitu kilichopigwa na jua. Saa saba jua liko juu, macho yamezama kwenye kivuli cha paji la uso, na kanga imeongeza kivuli kingine. Uso ule ulihitaji f/8, pengine f/5.6. Na kipimo cha mwanga kingekuwepo, pamba ingekidanganya: kikiona weupe mwingi hivyo, kinapunguza mwanga.

Tena filamu yenyewe haikutengenezwa kwa kumfikiria bibi. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za picha zilipanga rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa “Shirley”, zenye picha ya mwanamke mzungu. Kwa maelezo ya waliofanya kazi Kodak, kilichosukuma kampuni kuboresha rangi za kahawia si malalamiko ya watu weusi, bali ya watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao. Chokoleti jamani!

Juni iliyopita nilirudi Kasoli, pamba ikiwa imevunwa. Nikamsogeza shangazi chini ya mwembe, lundo likabaki juani nyuma yake. ISO 100, 1/125, f/4, nikapima uso tu. Pamba iliungua yote, ikawa weupe mtupu usio na hata nyuzi. Nikaiacha iungue.

Shangazi akaichukua kamera, akaikinga jua kwa kiganja, akaangalia kioo muda mrefu.

“Bibi yako alikuwa hivi hivi,” akasema. “Ila yeye alikuwa na mwanya.”